Kijana Asiyefaa Kuigwa: Makosa ya Ujana katika Riwaya ya Kiswahili



Utangulizi

Katika madaftari ya wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, uchambuzi wa wahusika wa riwaya huandikwa kwa mpangilio uliozoeleka. Jina la mhusika huandikwa kwanza na kupigiwa mstari. Chini yake hufuata orodha ya sifa zake: ni mlevi, ni mkali, ana huruma, ana msimamo. Orodha hiyo hufungwa kwa sentensi ambayo kila mwalimu wa fasihi anaifahamu, nayo huwa ni moja kati ya mbili: mhusika huyu "anafaa kuigwa na jamii" au "hafai kuigwa na jamii". Baada ya hapo mwanafunzi huhamia kwa mhusika mwingine.

Mhadhara huu unaichunguza sentensi hiyo ya kufungia. Unadai kwamba, inapotumiwa kumpimia mhusika kijana, sentensi hiyo huuliza swali lisilo lake. Kijana wa riwaya ambaye ni mzito wa maneno, anayechagua vibaya, anayedanganyika na kudanganya, hakuumbwa ili aigwe, wala hakuumbwa ili atumike kutishia wenzake. Ameumbwa ili msomaji aone kosa linavyotengenezwa: linaanzia wapi, nani alikuwa karibu likitendeka, na kama baada ya kutendeka mlango wa kurudi uliachwa wazi au ulifungwa.

Ili kulionyesha hilo, mhadhara utawafuata wasichana watatu wa riwaya za karne ya 20, ambao ni Rosa wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Hata hivyo, kabla ya kuwafikia ni lazima kuangalia kijana alikuwa na nafasi gani katika fasihi ya Kiswahili kabla ya riwaya hizo kuandikwa.

Kijana katika lugha na katika mawaidha

Neno "kijana" lina umbo la ngeli ya KI-VI, ngeli ambayo hubeba vitu na pia hudunisha. Lakini katika upatanisho linakwenda na viumbe wenye uhai. Husemwa "kijana amefika", wala haisemwi "kijana kimefika". Kwa umbo ni kitu kidogo, kwa sarufi ni mtu kamili. Lugha yenyewe, basi, imehifadhi mashaka ya hali hiyo ya kuwa katikati.

Aidha, Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa hatua za umri: kigoli, mwari, barubaru, shababu. Ukitazamwa vizuri, sehemu ya msamiati huo inataja mahali pa mtu katika utaratibu wa jamii zaidi ya kutaja miaka yake. Kigoli ni msichana ambaye hajavunja ungo. Mwari ni yule aliyevunja ungo na sasa yumo mikononi mwa kungwi. Jando na unyago viliwekwa ili kipindi cha katikati kiwe kifupi na kisimamiwe: mtoto aliingia na mtu mzima akatoka. Makosa ya kipindi hicho yalikuwa na mahali pa kutendekea na mtu wa kuyarekebisha.

Fasihi ya zamani ya waswahili iliakisi mpango huo. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama aliye mgonjwa anampa binti yake wosia kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Ni kazi yenye mapenzi makubwa, na thamani yake haina ubishi. Lakini kwa mtazamo wa mada ya leo kuna jambo moja la kuzingatia: binti hasemi. Yeye ni sikio. Msomaji hajui kama aliyakubali yote, kama moyoni alikuwa na swali, au kama siku moja aliteleza akayakumbuka maneno ya mama yake akiwa amechelewa. Shaaban Robert naye alifuata nyayo hizo alipotunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya bintiye na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Katika tungo hizo zote kijana ni mwambiwa.

Riwaya ndiyo iliyompa kijana nafasi ya kujibu, na mara nyingi alijibu vibaya. Hilo halikutokea kwa ghafla.

Majina yanayotimia

Katika nathari ya Shaaban Robert, jina la mhusika ni ahadi isiyovunjwa. Katika Adili na Nduguze (1952), Adili ni mwadilifu tangu mwanzo hadi mwisho, na ndugu zake Hasidi na Mwivu wanatenda yale ambayo majina yao yameyatamka. Utubora wa Utubora Mkulima ana utu bora. Wahakiki, wakimfuata E. M. Forster aliyeutenganisha uhusika bapa na uhusika duara mwaka 1927, wamezoea kuwaita wahusika wa namna hii kuwa ni bapa, na wakati mwingine neno hilo hutamkwa kama lawama. Lawama hiyo haina haki. Hadithi za Shaaban Robert ni za kimaadili kwa makusudi, na wahusika wake wanafanya kazi waliyopewa.

Kinachohusu mada hii ni tokeo la mtindo huo. Pale ambapo jina limekwisha kutoa hukumu, hakuna ujana. Anaweza kuwapo mtu mwenye umri mdogo, lakini hawezi kuwapo mtu ambaye bado hajajulikana atakuwa nani. Adili hawezi kukosea kwa kubabaika, na Hasidi hawezi kutenda wema kwa bahati. Kijana mwenye kasoro anahitaji hadithi ambamo jina na mtu vinaweza kutengana.

Utengano huo unaonekana wazi katika riwaya tatu zinazofuata. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki: Waridi lenye fumbo. Maimuna ni jina la Kiarabu lenye maana ya mwenye baraka, mwenye bahati njema. Yasmin ni ua la asumini. Wazazi waliotoa majina hayo waliomba usafi, heri na uzuri. Hadithi zinaanza pale ambapo dua hiyo inakutana na maisha ya nyumbani.

Rosa: ukali usiofundisha

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na Namagondo ndipo anapozaliwa Rosa wake. Baba, Zakaria, ni mlevi ambaye kwa binti zake ni mkali kupita kiasi. Mama, Regina, ndiye anayeibeba nyumba. Mapema katika riwaya, Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana anayeitwa Charles.

Tukio hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndipo kasoro ya Rosa inapopandwa. Rosa anaadhibiwa kwa kupendwa, kabla hajatenda lolote. Kipigo hakimfundishi tofauti kati ya mvulana mwema na mbaya, wala namna ya kujibu barua, wala namna ya kukataa kwa adabu. Kinamfundisha jambo moja tu, yaani kwamba mwanamume ni hatari isiyotajwa. Anapokwenda kusoma Mwanza, katika shule ya sekondari ya bweni, anakuwa na umri wa mwari bila kungwi. Shule imemtoa katika utaratibu wa zamani na kuurefusha ujana wake kwa miaka mingi, lakini haikumpa mtu wa kuzungumza naye. Uzito wake mbele ya wanaume, woga wake unaofanana na maringo, na baadaye mwendo wake wa kupindukia upande wa pili, vyote vinatokana na pengo hilo.

Mtu wa kwanza kulitumia pengo hilo ni Deogratias, mtu mzima mwenye cheo. Baadaye, katika chuo cha ualimu cha Morogoro, ni mkuu wa chuo mwenyewe. Kezilahabi anaupanga mfuatano huu kwa makusudi: wanaomharibu Rosa hawatokani na kundi la vijana wenzake ambalo baba yake aliliogopa. Wanatoka katika kundi la watu wazima ambao jamii iliwaamini. Anayempenda kwa dhati, Charles yule wa barua, anarudi mwishoni akiwa tayari kumwoa, na anamkataa kwa kuwa si bikira tena. Rosa anajiua.

Methali inasema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wasomaji wengi wameisoma Rosa Mistika kama kielelezo cha methali hiyo, na usomaji huo umekosea mahali. Rosa alikuwa na mama mwenye busara, na baba aliyefunza kila siku kwa fimbo. Riwaya inahoji mafunzo yenyewe. Methali nyingine, samaki mkunje angali mbichi, inapata hapa jibu la kusikitisha: samaki aliyekunjwa kwa nguvu kupita kiasi huvunjika.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba riwaya hii, iliyolalamikia ukimya wa watu wazima, ilijibiwa kwa ukimya. Ilipotoka ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya namna inavyoeleza mapenzi. Miaka kadhaa baadaye iliruhusiwa, ikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa na kutahiniwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na mwaka 2025 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza nchini Marekani, zaidi ya nusu karne baada ya kuandikwa.

Maimuna: aliyetawishwa

Katika Utengano, neno muhimu la kuanzia ni kutawa. Maimuna ametawishwa. Kitenzi hiki kina ukoo mmoja na neno mtawa, yaani mtu aliyejitenga na dunia kwa ajili ya ibada. Tofauti ya mtawa na aliyetawishwa imo katika kauli ya kitenzi. Mtawa hutawa kwa hiari yake, Maimuna anatendwa. Kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa, vilivyokaa pamoja katika neno moja, vinaeleza maisha yake kabla ya tukio lolote kutokea.

Baba yake, Bwana Maksuudi, ni mtu wa mali na mwenye hamu ya cheo, mkali ndani na mwenye tabia nyingine nje. Maimuna anakua bila ya kuifahamu njia ya mtaa wake mwenyewe. Kwa hiyo anapotoka, na Bi Farashuu, mwanamke mzee mwenye kisasi chake dhidi ya Maksuudi, akiwa na mkono wake katika kutoka huko, Maimuna hana kipimo cha kumpimia mtu. Hajui ni nani anayemwonea huruma na ni nani anayemtumia. Hatimaye anaangukia katika nyumba ya Bi Kirembwe, penye ulevi na ukahaba.

Ubora wa usawiri wa Said Ahmed Mohamed ni kwamba hamfanyi Maimuna malaika aliyeonewa. Maimuna anaifurahia dunia mpya. Anaonja uhuru kwa pupa ya mtu aliyefungiwa muda mrefu. Ana kiburi, ana ukaidi, na kuna nyakati ambazo msomaji anatamani kumshika mkono amrudishe. Hapo ndipo mhusika kijana anapopata uhai: makosa yake ni yake, hata kama sababu zake ni za wengine. Mhusika ambaye kila kosa lake limesababishwa na mwingine ni chombo cha kubebea malalamiko, na msomaji kijana hulibaini hilo upesi, kwa kuwa anajua kwamba yeye mwenyewe huwa anakosea akiwa na macho yake.

Tofauti kubwa kati ya Rosa na Maimuna iko katika mwisho wao. Maimuna anarudi. Anatoka katika ulevi, anaolewa na Kabi, na Maksuudi aliyeporomoka ndiye anayekuja kuomba radhi. Mizani imegeuka: mzazi ndiye anayesimama mbele ya mlango. Hata hivyo ni vyema kuona kwamba urejeo wa Maimuna umepitia ndoa, kana kwamba jamii ya riwaya haikuwa na hati nyingine ya kumthibitishia msichana kwamba amesamehewa.

Yasmin: maisha yanayoendelea

Vuta N'kuvute inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa miaka 52. Umri huo unatajwa kwa tarakimu zinazobaki katika kumbukumbu ya kila aliyeisoma riwaya hii. Yasmin anamkimbia mumewe. Jamaa zake wanamkataa, naye anapokewa na rafiki yake Mwajuma, ambaye anaishi maisha ya chini na ya furaha. Baadaye anampenda Denge, kijana mwanaharakati anayesakwa na serikali ya kikoloni.

Ukiyahesabu matendo ya Yasmin kwa kipimo cha daftari, ni mhusika wa kukatazwa: amemkimbia mume, amewavunjia wazazi heshima, amependa nje ya ndoa na nje ya jamii yake. Adam Shafi hamuui, wala hamleti mbele ya mtu yeyote apige magoti. Anamwacha aishi. Yasmin anachagua, anapoteza, anachagua tena, na hadithi inakwenda naye. Msimulizi anamtazama kwa ucheshi wa upole, hasa katika siku zake za mwanzo kwa Mwajuma, ambapo kila kitu cha kawaida kwa wenyeji ni kigeni kwake. Ugeni huo, kutojua mtu akae vipi, acheke wapi, anyamaze lini, ndio ujana wenyewe, na nadra umeelezwa kwa Kiswahili bila ya kufuatiwa na fundisho.

Riwaya hii ilifanywa filamu na mwongozaji Amil Shivji, na filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021.

Hivyo katika muda wa miaka 28, riwaya ya Kiswahili ilitoa majibu matatu kwa kosa la msichana: kifo, msamaha, na kuendelea kuishi. Si lazima jibu la tatu liwe bora kifasihi kuliko la kwanza. Kifo cha Rosa ni shitaka, na shitaka hilo lingedhoofika kama angeokolewa kwa urahisi. Lakini msomaji kijana anayekutana na jibu la kwanza peke yake ataamini kwamba jamii yake haina jingine.

Wavulana wako wapi?

Wasikilizaji bila shaka wamegundua kwamba mifano yote mitatu ni ya wasichana. Jambo hilo lina sababu ndani ya fasihi yenyewe. Mvulana wa riwaya ya Kiswahili anapokosea, kosa lake kwa kawaida huwa ni safari. La msichana huwa ni anguko. Katika Utengano hiyohiyo, Mussa, kaka yake Maimuna, anakwenda kwa Kazija, mwanamke yuleyule anayeendewa na baba yao. Aibu ya tukio hilo inamwangukia Maksuudi, na Mussa anapita.

Ken Walibora, katika Siku Njema (1996), alifanya jambo lenye umuhimu wa pekee alipomwacha kijana, Kongowea Mswahili, ajisimulie mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Kijana aliyekuwa sikio katika utendi sasa ni mdomo. Hata hivyo Kongowea ni mwema kwa kiasi kikubwa. Anateswa zaidi kuliko anavyokosea. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Peter na Zita wanaingizwa jalalani na umaskini wa kwao, na makosa yanayowazunguka yanasomeka kwanza kama makosa ya jiji. Bado nafasi ipo kwa mvulana wa riwaya ya Kiswahili aliye mwoga, mwenye wivu, anayemwumiza mtu kwa kutojua, na ambaye hadithi haimgeuzi shujaa wala mhalifu.

Hapa inafaa kutaja tofauti moja ya kihistoria. Nchini Marekani, fasihi ya vijana ilijitenga kama tanzu ya soko hasa kuanzia miaka ya 1960, na mara nyingi hutajwa The Outsiders ya S. E. Hinton, iliyochapishwa mwaka 1967 mwandishi akiwa na miaka 18. Huko rafu ya duka la vitabu ndiyo iliyomtambua msomaji kijana. Katika Afrika Mashariki msomaji kijana ametambuliwa na orodha ya vitabu teule vya mtihani. Rosa Mistika, Utengano na Siku Njema hazikuandikwa kwa kijana peke yake. Shule ndiyo iliyozipeleka mikononi mwake. Kwa hiyo namna shule inavyouliza maswali ina uzito kuliko namna mchapishaji anavyopanga rafu.

Darasani

Swali la "anafaa kuigwa" lina asili ya heshima. Linatokana na imani ya zamani kwamba fasihi ni mlezi, imani ambayo hakuna sababu ya kuitupa. Tatizo ni kwamba swali hilo linamaliza mazungumzo mahali yanapotakiwa kuanza. Mwanafunzi anayeandika kwamba Rosa hafai kuigwa amesema kweli, na hajasema kitu. Hakuna msichana aliyefunga kitabu hicho akiwa na hamu ya kuwa Rosa.

Zaidi ya hayo, darasani wamo watu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitungwa mwaka 1971, mwaka uleule wa Rosa Mistika, nayo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, umri wa Yasmin hasa, ilhali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa ya serikali. Vilevile, kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba akiwa shule alifukuzwa. Msimamo huo ulisisitizwa hadharani mwaka 2017, na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa elimu.

Tarehe hizo zinabadilisha maana ya somo la fasihi. Kwa muda mrefu, darasa liliweza kumjadili Rosa kwa saa nzima wakati dawati la msichana aliyetenda lile alilolitenda Rosa lilikuwa tupu. Aliyebaki darasani aliandika kwamba mhusika hafai kuigwa, na shule yenyewe ilikuwa imekwisha kuandika sentensi hiyohiyo kwa njia nyingine. Sasa kwa kuwa anaweza kurudi, atakaa katika dawati hilo na kuisoma riwaya hiyo pamoja na wenzake. Atakaposikia orodha ya sifa ikisomwa kwa sauti, atajua inamhusu nani.

Yapo maswali mengine yanayoweza kuulizwa bila ya kuipunguzia fasihi kazi yake ya malezi. Rosa alijua nini siku alipopigwa kwa ajili ya barua, na alipaswa awe ameambiwa nini? Ni mtu mzima gani katika riwaya angeweza kubadili mwendo wa mambo kwa sentensi moja, na kwa nini hakuisema? Kosa la Maimuna linaanza ndani ya nyumba au nje yake? Msimulizi anamcheka Yasmin au anacheka pamoja naye, na lugha inatuonyeshaje? Maswali haya yanamtaka mwanafunzi arudi kwenye matini, asome kauli za vitenzi, apime sauti ya msimulizi. Ni magumu zaidi kusahihisha, lakini majibu yake hayanakiliwi kutoka daftari la mwaka jana.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kijana wa fasihi ya Kiswahili alitoka katika nafasi ya mwambiwa, akapita katika majina yasiyovunjika, akafika katika riwaya ambamo jina na mtu vinaweza kutengana. Umeonyesha pia kwamba kasoro zake, ziwe za ulimi mzito, za kiburi au za pupa, si doa katika usawiri. Ndizo zinazomfanya awe kijana badala ya kuwa mtu mzima mfupi.

Yanayopendekezwa ni machache. Kwa watunzi, yaandikwe makosa madogo pia. Riwaya zetu zimezoea kosa kubwa lenye mwisho mkubwa, ilhali sehemu kubwa ya ujana ni aibu ndogo ndogo zisizoua: neno lililotoka vibaya, urafiki uliovunjwa kwa woga, uongo usiohitajika. Kwa watahini, sentensi ya kuigwa na kutoigwa iondolewe katika mwongozo wa kusahihishia, na alama zake zipewe swali la sababu. Kwa watafiti, usawiri wa mvulana mkosefu unangoja uchunguzi wa kina, na tasnifu moja haitautosha.

Kwa walimu, ambao ndio wengi katika ukumbi huu au ndio watakaokuwa wengi baada ya mahafali, lipo ombi moja. Riwaya inapofunguliwa mbele ya vijana 50, mhusika aliyekosea anapewa wakili au anapewa hakimu. Mwalimu ndiye anayechagua, kwa swali la kwanza analoliandika ubaoni.